Uzi: Steve Tikolo, kutoka mpigaji hadi kocha wa timu za taifa, na njia hiyo ukiitazama ukiwa Malindi

KusiNaKaskazi (Malindi)

Salaam aleikum wadau. Vijana wa shule hapa Malindi wakionyeshwa kriketi huuliza swali lile lile: Mkenya anaweza kuanza na gongo mkononi akaishia kufundisha timu ya taifa? Mfano tunao, ni Steve Tikolo. Naiweka safari yake hapa kwa urefu, kisha kila mwenye ujuzi aongeze au abishe.

Tikolo alizaliwa Nairobi tarehe 25 Juni 1971. Kaka zake wawili, Tom na David, waliichezea Kenya pia, kwa hiyo mchezo ulikuwa wa nyumbani. Mechi yake ya kwanza ya kimataifa ya siku moja ilikuwa Cuttack, tarehe 18 Februari 1996, Kombe la Dunia, dhidi ya India. Akapata mikimbio 65 (mikimbio ndiyo alama za kriketi). Tarehe 29 mwezi huo huo Kenya ikaishangaza dunia huko Pune: Kenya 166, West Indies 93. Wengi wanaikumbuka Pune na kusahau kilichofuata Kandy, ambako Sri Lanka walipiga 398 kwa wiketi 5, yaani wapigaji watano tu walitolewa, rekodi ya dunia kwa wakati ule. Tikolo alijibu kwa 96, Kenya ikamaliza 254 kwa wiketi 7. Kufikisha 254 huku ukifukuzia 398 kunahitaji wapigaji wanaokataa kupoteza wiketi zao ovyo hata wakijua mechi imekwenda. Hapo ndipo palipoonekana kichwa chake, zaidi ya mkono wake.

Mwaka 1997 kukawa na fainali ya Kombe la ICC (shirika la kriketi duniani), Kuala Lumpur, Kenya na Bangladesh. Tikolo peke yake alipiga 147 katika jumla ya 241 kwa wiketi 7. Mvua ikaingia, mechi ikavuka hadi siku ya pili, Bangladesh wakapewa lengo la 166 katika ova 25 (ova moja ni mipira 6), wakalifikia kwenye mpira wa mwisho kabisa. Waliokuwa na kocha Gordon Greenidge, mpigaji mkubwa wa West Indies, ni wao. Miaka mitatu baadaye Bangladesh wakapewa hadhi ya Test, zile mechi za siku tano za ngazi ya juu kabisa. Kenya haijaipata mpaka leo.

Akawa nahodha, akaipeleka Kenya nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2003. Akaongoza tena Kombe la 2007, akacheza la 2011, kisha akatangaza kustaafu. Baada ya hapo ndiyo inaanza sehemu ambayo vijana wanaiulizia: alichukua timu ya taifa ya Uganda mwaka 2016, na baadaye akaenda kufundisha Nigeria.

Msimamo wangu nauweka wazi ili tuujadili. Kucheza kulimpa Tikolo jicho. Ukocha wa timu ya taifa unataka vitu vingine ambavyo uwanja haukufundishi, na kijana anayetaka kuifuata njia hii aanze kujifunza vitu hivyo akiwa bado anacheza, asingoje kustaafu.

Bi_Takwimu

Uzi mzuri, kaka. Naongeza ya 2003 kwa sababu hapo kuna mtu wa kwetu Pwani, na watoto wa Malindi wanafaa kumjua.

Kenya iliwafunga Canada, Sri Lanka na Bangladesh katika makundi, na New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa sababu za usalama, pointi zikabaki kwetu. Ushindi juu ya Sri Lanka ulikuwa Nairobi, tarehe 24 Februari, kwa tofauti ya mikimbio 53. Collins Obuya alichukua wiketi 5 kwa mikimbio 24 kwa mipira ya kuzungusha kwa kifundo cha mkono. Katika Super Six, hatua iliyofuata makundi, tukaifunga Zimbabwe. Nusu fainali Durban, tarehe 20 Machi, India 270 kwa 4, sisi 179, na Tikolo ndiye aliyesimama akapata 56.

Sasa mtu wa Pwani: Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, mrushaji wa mkono wa kushoto wa mipira ya polepole. Alikuwa ameshastaafu, akaitwa tena. Dhidi ya Australia, mabingwa wa dunia, Durban, tarehe 15 Machi 2003, alirusha ova 8 na mipira 2, ova 6 kati ya hizo hazikutoa mkimbio hata mmoja, akatoa mikimbio 7 kwa jumla na kuchukua wiketi 3, Ricky Ponting akiwa mmoja wao. Alikuwa na umri wa miaka 39. Hakuna alichofanya cha ajabu kwa macho: alitua mpira mahali pamoja, mwendo akiubadilisha kidogo kidogo, na uwanja ukiwa umepangwa kwa ajili ya mahali hapo. Nguvu za kijana hazikuhitajika.

Kuhusu msimamo wako, tazama msururu wa makocha wa Kenya wenyewe. Sandeep Patil wa 2003 alicheza mechi 29 za Test kwa India na alikuwa katika kikosi kilichotwaa Kombe la Dunia 1983. Roger Harper, kocha wetu wa 2007, alikuwa uwanjani Pune siku ile West Indies walipofungwa na Kenya. Eldine Baptiste alicheza Test 10 na timu yake ikashinda zote 10, lakini chini yake Kenya ilipoteza mechi zote 6 za Kombe la 2011, ikiwemo ile ya Chennai tuliyotolewa kwa 69 na New Zealand. Halafu akaja Mike Hesson, ambaye hakuwahi kucheza kriketi ya daraja la kwanza, zile mechi za juu za siku kadhaa, hata mechi moja. Alikaa nasi muda mfupi, akaondoka 2012, akakabidhiwa New Zealand na kuifikisha fainali ya Kombe la Dunia la 2015. Kwa hiyo rekodi ya mtu kama mchezaji haikuambii sana atafundisha vipi.

Mwenye_Ova

Bi Takwimu, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila kuna kitu mchezaji mkubwa anacho ambacho Hesson ilimbidi akijenge kwa njia nyingine. Chumba cha wachezaji kinamsikiliza tangu siku ya kwanza. Tikolo akimwambia mpigaji wa Kampala kwamba bega lake la mbele linafunguka mapema, kijana habishi. Shida huja pale mchezaji mkubwa anapodhani kila mtu anaona anachokiona yeye. Kwake urefu wa mpira, yaani mahali utakapotua, ulikuwa wazi ukiwa bado mkononi mwa mrushaji. Mpigaji wa daraja la nne anauona ukiwa umeshafika nusu ya njia. Kocha asipotengeneza zoezi la kumfundisha kuona, atabaki akisema "cheza ukiwa umechelewa" na kijana atabaki akichelewa kweli kweli.

Nieleze kazi yenyewe ya kocha katika yale mashindano ya madaraja ya ICC ambayo Tikolo alipitia na Uganda, maana hapo ndipo watu hawaelewi.

Mfumo huo uliisha 2019, ila ulikuwa hivi: timu 6, kila moja mechi 5, kwa kama siku 8 au 9. Wawili wa juu walipanda, wawili wa chini walishuka. Mrushaji mmoja haruhusiwi zaidi ya ova 10 kwa mechi ya ova 50. Ukimtumia mrushaji wako bora kikamilifu kila mechi, hiyo ni ova 50, yaani mipira 300 bila kuhesabu ile ya nje na isiyo halali, ndani ya wiki moja na kidogo. Mgongo haukubali. Mechi ya nne mwendo unapungua, mpira unaanza kutua mfupi, na mpigaji anakaa nyuma akiuvuta upande wa mguu apendavyo. Kocha mwenye akili hugawa ova kabla hajafika mashindanoni: anajua mechi ipi ni ya lazima, anajua mrushaji wa sita ni nani, na mazoezi ya katikati yanakuwa ya kudaka na kupiga tu.

Kitu cha pili ni wastani halisi wa mikimbio, ule uliokuwa unaamua nani apande pointi zikilingana. Timu ikitolewa yote, ova zinahesabiwa kamili hata kama hazikuisha. Umetolewa kwa 160 ndani ya ova 38: watu wengi wanagawanya kwa 38, wanapata 4.21. Kosa. Inagawanywa kwa 50, inakuwa 3.20. Wapinzani wakifika 161 kwa ova 30, wao wana 5.37, na wewe umeshuka kwa 2.17. Lakini ukiwachelewesha mpaka ova ya 40, wao wanakuwa na 4.03 na umeshuka kwa 0.83 tu. Mechi ile ile umepoteza, ila moja inakufukuza mashindanoni na nyingine inakubakisha. Nahodha akiwa na hasira ya kufungwa hawezi kuifanya hesabu hii uwanjani. Kocha aifanye mapema na apeleke ujumbe wakati wa maji.

KusiNaKaskazi (Malindi)

Hapo kwenye wastani wa mikimbio umenisaidia sana, Mwenye_Ova. Tuitumie kusoma kazi ya Tikolo Uganda. Mei 2017 Uganda waliandaa Daraja la Tatu nyumbani kwao, wakashuka. 2018 wakaenda Malaysia, Daraja la Nne, wakashinda mashindano na kupanda pamoja na Denmark. Novemba mwaka huo, Daraja la Tatu Oman, waliopanda ni Oman na Marekani, Uganda wakabaki. Kupanda, kushuka, kukwama. Je, huyo ni kocha aliyefaulu?

Bi_Takwimu

Mimi nasema ndiyo, na sababu haiko kwenye jedwali. Kushuka ukiwa mwenyeji ni pigo linaloua timu: wafadhili wanaondoka, wachezaji wakubwa wanaacha, chama kinamtafuta wa kumlaumu. Mwaka mmoja baadaye wakawa mabingwa wa Daraja la Nne. Na ukifuata mstari mbele, Novemba 2023 Uganda waliifunga Zimbabwe mjini Windhoek na kufuzu Kombe la Dunia la T20 (mechi fupi za ova 20) la 2024, chini ya nahodha Brian Masaba. Makocha wengine walikuwa wamepita katikati, na sifa hiyo siwezi kumpa Tikolo peke yake. Lakini kikosi hakikuzaliwa 2023.

Mwenye_Ova

Hapo sikubali, dada, kwa heshima. Ukimpa kocha sifa za kilichotokea miaka mitatu baada ya yeye kuondoka, umpe pia lawama za kilichoharibika. Kocha wa timu ya taifa ahukumiwe kwa mambo anayoyashika: uteuzi wa wachezaji 15, maandalizi, matumizi ya ova, na wachezaji kama wanaboreka mmoja mmoja. Malaysia 2018 hayo yote yalikuwa mazuri. Oman mwaka huo huo wapinzani walikuwa na nguvu zaidi. Mimi ningemwita kocha mzuri aliyekuwa na benchi fupi.

Uganda walifika 2024 kwa sababu chini kulikuwa na ligi ya shule inayozalisha wachezaji kila mwaka. Kenya tulikuwa na Tikolo, Odumbe, Odoyo, Modi na akina Obuya kwa pamoja, kizazi kimoja chenye vipaji vya kutisha, na nyuma yao hatukuweka mtu. Thomas Odoyo alikuwa mrushaji wa kwanza kutoka nchi isiyo ya Test kufikisha wiketi 100 za mechi za siku moja. Alipokuwa kocha wa Kenya, Februari 2018, timu ilipoteza mechi zote za Daraja la Pili huko Namibia, akajiuzulu. Kwani Odoyo alikuwa amesahau kriketi? Alikabidhiwa kikosi kilichokosa mechi ngumu. Na Agosti 2024 Kenya ikamtangaza Dodda Ganesh wa India, akaondolewa baada ya takriban mwezi mmoja tu, Lameck Onyango akashika kwa muda. Hakuna kocha anayejenga safu ya warushaji kwa mwezi mmoja.

Bi_Takwimu

Benchi fupi nakubali. Oman nakuachia. Lakini kwamba wachezaji waliboreka mmoja mmoja umekubali mwenyewe, na kwangu hiyo ndiyo nusu ya kazi.

ShelaLamu

Assalaam aleikum. Nawafuata kutoka Lamu. Mazungumzo ya madaraja ni mazuri, ila watoto wa huku hawana uwanja. Wana ufuo wa Shela na mpira wa tenisi uliofungwa tepu ya umeme. Kuna faida yoyote kuanza hivyo, au wanajifunza makosa?

Mwenye_Ova

Waaleikum salaam. Kuna faida kubwa, na kuna kosa moja la kuliepuka.

Mpira wa tenisi una uzito wa gramu 58 hivi. Mpira wa kriketi wa wakubwa ni kati ya gramu 156 na 163, na wa watoto chini ya miaka 13 ni gramu 135 hivi. Tepu inaongeza uzito kidogo na kuufanya mpira uteleze hewani. Ukifunga tepu nusu moja tu, unapinda kuelekea upande mmoja, na kijana anajifunza kifundo cha mkono kinavyoelekeza mpira. Wapo warushaji wakubwa Pakistan waliotokea humo. Kosa ni kukaa na mpira huo mpaka miaka 16. Mkono unazoea gongo jepesi linalopiga kwa kupitia mstari, na siku mpira mgumu unapokuja ukiruka kifuani, mtoto anafumba macho. Akifika miaka 12 au 13 aanze na mpira mgumu wa gramu 135, akiwa na pedi, glovu, kikinga kinena na kofia ya chuma ya kufunika uso. Bila kofia asipige mpira mgumu, hata kama mrushaji ni rafiki yake anayerusha taratibu.

Ufuo wenyewe: maji yakipwa, ule mchanga mgumu wenye unyevu unadundisha mpira wa tepu vizuri kwa saa kama mbili. Mchanga mkavu unaua mpira, msipoteze muda huko kwa kupiga. Tumieni mchanga mkavu kwa kudaka. Mtoto anaweza kujirusha kushoto na kulia mara hamsini bila kuchubuka goti, jambo ambalo watoto wa viwanja vigumu wanaliogopa. Mgawanye watatu watatu: mmoja arushe chini kwa kasi, mmoja adake, mmoja awe nyuma kuokota, wabadilishane kila mipira 10. Njia ya kupiga punguzeni mpaka mita 18 hivi kwa watoto wadogo. Ya wakubwa ni mita 20.12 kutoka vijiti hadi vijiti.

Na msiwaache wanaorusha kwa kasi warushe tu mpaka wachoke. Mwongozo wa Uingereza ambao makocha wengi wanaufuata: mpaka miaka 13, ova 5 kwa mfululizo na 10 kwa siku. Miaka 14 na 15, ova 6 na 12. Miaka 16 mpaka 19, ova 7 na 18. Mifupa ya mgongo wa chini ya kijana inapasuka taratibu bila kelele, anaanza kulalamika maumivu upande mmoja akijikunja nyuma, na watu wanampaka dawa ya kuchua. Apumzishwe na apelekwe hospitali.

fundi_wa_zege

Mimi ni wa upande wa ujenzi. Kwa wale wa Malindi wanaotaka pichi, yaani ile njia ya kupigia, ya kudumu kwenye uwanja wa shule, hesabu ni hizi.

Zege liwe urefu wa mita 26, upana mita 2.4, unene sentimita 10. Hiyo inatoa kama mita 3 za ziada nyuma ya vijiti kila upande, ili mguu wa mrushaji utue kwenye zege katika hatua yake ya mwisho. Ujazo ni mita za ujazo 6.24. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 mtahitaji mifuko 40 ya saruji ya kilo 50, ongezeni miwili kwa kumwagika, mchanga mita za ujazo 3 na kokoto karibu 6. Chini yake mshindilie mawe ya matumbawe yaliyovunjwa, unene wa sentimita 15, na wavu wa chuma wa BRC ukae katikati ya zege juu ya vijiwe, usilazwe chini kwenye udongo.

Mchanga uwe wa mto, na hapa kwetu ni wa Sabaki, ila uchukuliwe juu mbali na mlango wa bahari. Mchanga wa ufuoni una chumvi, chumvi inakula wavu, wavu ukipata kutu unavimba na zege linapasuka kutoka ndani. Mwaka wa kwanza hamtaona kitu. Mwaka wa tatu ufa unatokea, mpira unagonga ukingo wake na kumpanda mtoto usoni.

Uso upigwe kwa mbao, usilainishwe kwa mwiko wa chuma, mkeka unaotandikwa juu ya zege unateleza kwenye uso laini. Mteremko wa sentimita 2 kwa upana wote unatosha kutoa maji. Viungo vya kupanukia: kimoja katikati kabisa, mita 10 hivi kutoka vijiti vya kila upande, vingine mita 4 kutoka vijiti, na vya mwisho nyuma kidogo ya vijiti. Msiweke kiungo kati ya mita 6 na 8 kutoka kwa mpigaji. Hapo ndipo mpira mzuri wa mwendo kasi unapotua, na ukigonga kiungo hauna adabu.

Mwageni Januari mpaka Machi, kabla ya mvua za masika. Ila kaskazi inakausha upesi, kwa hiyo magunia yaliyoloweshwa yakae juu siku 7 mfululizo, asubuhi na jioni maji. Udongo wa pembeni usawazishwe na ukingo wa zege kila mwezi. Ukiachwa chini hata sentimita 3, mdakaji anayekimbia anavunja kifundo cha mguu.

KusiNaKaskazi (Malindi)

Fundi, shukran sana. Naongeza mwelekeo, maana watu wakipata zege wanalilaza popote penye nafasi. Pichi ielekee kaskazini na kusini. Sababu ya kwanza ni jua: ikielekea mashariki na magharibi, saa kumi na moja jioni mpigaji wa upande mmoja hauoni mpira kabisa. Sababu ya pili ni ya kwetu hasa. Kusi inavuma kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, kaskazi Desemba mpaka Machi. Pichi ya kaskazini na kusini ina maana kwamba kila msimu una mwisho mmoja wenye upepo mgongoni na mwingine wenye upepo usoni.

Wakati wa kusi, mrushaji wa kasi aanzie mwisho wa kusini, upepo umsukume. Wa mipira ya polepole apewe mwisho wa kaskazini, arushe akiukabili upepo. Mpira wake unaning'inia, unazama ghafla mbele ya mpigaji aliyeshatoka mstarini, na mlinda wiketi anamaliza kazi. Manahodha wachanga hufanya kinyume kwa sababu mrushaji wa polepole hulalamika kwamba upepo unamchosha. Asisikilizwe. Awe tu anaachia mpira juu kidogo na kuzungusha zaidi, asijaribu kushindana na upepo kwa kasi. Kaskazi ikiingia, geuzeni mipango yote.

ShelaLamu

Nashukuru nyote. Swali la mwisho upande wangu: kijana ambaye hatafika timu ya taifa kama mchezaji, anaweza kuingia kwenye ukocha moja kwa moja? Na mkeka wa kuwekea juu ya zege unaweza kuwa wa makumbi? Huku Lamu wasukaji wa kamba wapo.

Bi_Takwimu

Anaweza. ICC ina ngazi za mafunzo ya ukocha: ya msingi, kisha ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ya msingi inahusu kuendesha mazoezi ya watoto kwa usalama, na haiulizi ulipata mikimbio mingapi. Kuanzia hapo kinachomtofautisha mtu ni kazi ya mikono: daftari la kila mrushaji na ova zake, kujaza karatasi ya alama bila kukosea, kujua sheria za uamuzi, na simu ya kawaida iliyofungwa kwenye kijiti nyuma ya neti (wavu wa mazoezi) kurekodi miguu ya mpigaji. Kijana wa miaka 17 akiweza kuendesha neti mbili kwa saa moja na nusu, kila mpigaji akapata dakika 10, hakuna aliyesimama bure, na akaandika alichokiona, ameshaanza ukocha. Tikolo alikuwa nahodha kwa miaka, na unahodha ulimpa mazoezi ya kuamua mbele za watu. Asiyewahi kuwa nahodha atafute nafasi hiyo popote, hata timu ya watoto chini ya miaka 13.

Ya mkeka namwachia fundi na Mwenye_Ova.

Mwenye_Ova

Mkeka wa nyuzi za makumbi ni kitu cha kale katika kriketi, umetumika Asia na Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Lakini uwe umefumwa kwa mashine au kwa mkono ulio sawasawa, nyuzi nene na nyembamba zikichanganyika mpira unadunda kila mmoja na lake. Upana wa mita 2 na zaidi kidogo, urefu wa kutosha kufunika kutoka mstari wa mpigaji mmoja hadi wa mwingine na kupita. Uvutwe kwa nguvu na kufungwa kila upande kwenye ndoano zilizotiwa ndani ya zege wakati wa kumwaga, kila nusu mita. Ukilegea, mpira unang'ata na kugeuka sana, vijana wanaozungusha watafurahi na kudhani ni mahodari, kisha waende Mombasa au Nairobi kwenye pichi ya nyasi na mpira usigeuke hata kidogo. Kabla ya kila mazoezi nahodha apite akisukuma mkeka kwa kiatu pembeni, ukikunjika kamba zikazwe upya.

fundi_wa_zege

Ndoano ziwe za chuma cha pua, sio za chuma cha kawaida kilichopakwa rangi, kwa sababu ya hewa ya chumvi. Na mkeka ukunjwe kwa kuviringishwa juu ya bomba la plastiki la inchi 4, uwekwe ndani ukiwa mkavu. Ukilowa na kuachwa umeviringishwa wiki moja unaoza katikati. Kwa vijiti tumieni vile vya springi vyenye kitako kizito, springi zipakwe grisi kila mwezi. ShelaLamu, ukipata msukaji wa kukufumia kipande cha mita 2 kwa 2 cha majaribio, weka picha hapa tukitazame kabla hajaendelea na urefu wote.